Kabla ya Kabati, Omba Saa Moja



Mume wangu ni Yanga damu. Siku timu yake ikicheza, hapa kwetu Kashaulili, mjini Mpanda, simwulizi anakwenda wapi. Akishasali huvaa jezi yake ya kijani, huchukua simu yake na kuelekea kibanda umiza. Mechi ni dakika 90, lakini ongeza mapumziko, ongeza na ubishi wa njiani na watu wa Simba, saa tatu zimekwenda. Mtoto akimlilia namwambia, "Baba kaenda mpira." Mama mkwe akipiga simu namwambia, "Kaenda mpira." Kila mtu anaridhika. Neno hilo moja linatosha.

Sasa sikilizeni yangu. Asubuhi ya kwanza nilipovaa raba na baibui langu jepesi nikatoka kutembea baada ya swala ya alfajiri, jirani yangu aliacha kufagia. Akaniuliza, "Mama, nani anaumwa?" Nikamjibu hakuna anayeumwa. "Basi kuna msiba?" Hakuna msiba. Nikamwambia natembea tu, kwa ajili ya mwili. Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye raba, akasema, "Haya, Mungu akusaidie," kwa ile sauti tunayomwambia mgonjwa.

Nilicheka njia nzima. Nilipokuwa narudi kicheko kilikuwa kimekwisha, nikaanza kufikiri. Saa ya mume wangu ina jina, inaitwa mpira. Saa yangu haina jina, kwa hiyo kila nikiitaka inabidi niseme kuna maradhi au kuna maiti.

Hilo ndilo ninalotaka kuzungumza nanyi leo. Bibi harusi, kabla hujajadiliwa kabati, omba saa moja iwe yako. Ipe jina, na mwenzako aijue kabla ya nikaha.

Orodha ya posa

Nilipoposwa, wazee wangu Unguja walikaa wakaandika orodha kama desturi yetu ilivyo. Kitanda na godoro lake, kabati, meza ya kujipambia, kilemba cha baba, mkaja wa mama. Walibishana sana kuhusu kabati, liwe la milango mitatu au minne. Ikawa minne, alhamdulillah.

Mimi nikawekwa ndani. Nilisingwa, nikafukizwa udi, nikapakwa hina, na somo wangu akanifundisha mengi ambayo hayaandikwi. Alinifundisha namna ya kumpokea mume, namna ya kunyamaza akiwa na hasira, namna ya kupika na kujipamba. Namshukuru, mengi yamenifaa. Lakini hakuna hata siku moja aliponiuliza: wewe mwenyewe unapenda nini, na utaendelea nacho vipi ukishaolewa?

Angeniuliza, ningemjibu. Skuli nilikuwa mfungaji wa netiboli, na siku ya mechi nilikuwa silali. Nilikuwa siwezi kumaliza wiki bila kitabu cha hadithi. Na kila usiku nilikuwa nakaa na baba yangu, Allah amrehemu, tunasikiliza taarifa ya habari, yeye akisema lake na mimi langu. Alikuwa ananiacha nibishe. Alikuwa akisema mtu asiyebishana hajasikiliza.

Kisha nikaolewa, mume akahamishiwa huku kikazi, nikapanda boti mpaka Dar es Salaam na baada ya hapo basi, zaidi ya kilomita 1,000 kuelekea magharibi. Kabati lilikuja baadaye kwa lori na mlango mmoja ulivunjika njiani. Netiboli, vitabu na mazungumzo ya habari havikuja. Na nisimsingizie mtu, hakuna aliyeninyang'anya. Nilikuwa na nyumba mpya, mji mpya, mimba, kisha mtoto. Niliviacha kimoja kimoja bila kujua kwamba naviacha.

Mwili una haki yake

Mwaka wa tatu nikapimwa presha nikaambiwa imepanda. Umri wangu ulikuwa haujafika 30. Mama yangu ana kisukari, na nimeona mguu wake ulivyomhangaisha. Daktari aliniambia kabla ya kufikiria vidonge nianze kutembea.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa wiki. Ni kama nusu saa siku tano, kwa mwendo wa haraka unaokutoa jasho kidogo. Dakika 150, dada zangu, hazifiki hata mechi mbili za Yanga. Nilimwambia hivyo mume wangu. Akacheka, akasema hesabu hiyo hana jibu lake.

Tukakubaliana nitoke baada ya alfajiri, yeye akiwa bado nyumbani na mtoto. Jua la Mpanda huchomoza kama nusu saa baada ya la Unguja, kwa kuwa tuko mbali magharibi. Mama akinipigia simu asubuhi yeye anaota jua barazani, huku kwangu bado kuna giza giza na baridi, hasa mwezi wa sita na wa saba. Nakwenda na mke wa imamu wa mtaa wa pili, maana kutembea peke yangu gizani si busara. Tunazunguka upande wa sokoni, tunarudi kabla bodaboda hazijajaa.

Wapo watakaosema hayo si mambo ya mwanamke wa Kiislamu. Mimi huwajibu kwa kisa cha mama yetu Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake. Walikuwa safarini na Mtume, rehema na amani zimshukie. Akawaambia watu watangulie, kisha akashindana mbio na mkewe, na Bi Aisha akamshinda. Baadaye, mwili wake ulipokwisha kunenepa, wakashindana tena, safari hii Mtume akashinda, akamtania kwamba hiyo ni ya kulipiza ile ya kwanza.

Nimesikia mawaidha mengi kuhusu kisa hiki, na karibu yote husisitiza ucheshi wa Mtume kwa wake zake. Ni kweli. Lakini mimi hukiangalia pia kile kilichotangulia, pale watu walipoambiwa watangulie. Jeshi zima lilikuwa na safari yake, na bado ilipatikana nafasi, na ikapatikana stara, ili mke apate kukimbia. Mume ndiye aliyeitengeneza nafasi hiyo. Hakumwachia mkewe aitafute kwa kuiba.

Na stara haizuii mchezo. Kwa miaka kadhaa wachezaji wa mpira walikatazwa kuvaa hijabu katika mechi za kimataifa, mpaka mwaka 2014 ruhusa ilipotolewa rasmi. Mwaka 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco akawa mchezaji wa kwanza kucheza Kombe la Dunia la wanawake la wakubwa akiwa na hijabu yake. Kwetu Zanzibar, kabla ya hayo yote, filamu ya Zanzibar Soccer Queens ya mwaka 2007 iliwaonyesha dada zetu wa timu ya Women Fighters wakicheza mpira huku mtaa ukiwasema. Na leo Clara Luvanga, binti wa Tanzania, anaajiriwa kucheza mpira Al Nassr, Saudia, nchi ambayo mpaka mwanzoni mwa 2018 wanawake walikuwa hawaruhusiwi kuingia uwanjani hata kutazama.

Kutazama nako kuna hadithi yake. Wahabeshi walipokuwa wakicheza kwa mikuki msikitini, Mtume alimsitiri Bi Aisha naye akatazama, mpaka alipotosheka mwenyewe. Basi Julai 2025, Twiga Stars walipokuwa Morocco katika Kombe la Afrika, nilimkumbusha mume wangu hadithi hii. Siku ile hakwenda kibandani. Tulikaa sebuleni, tukawaona wakitoka sare ya 1–1 na Afrika Kusini, mabingwa watetezi. Nilipiga kelele mpaka mtoto akaamka. Sikumbuki kama nilikuwa nimepiga kelele za furaha namna ile tangu netiboli ya skuli.

Kitabu kilichonifuata mpaka huku

Mdogo wangu alinitumia zawadi kutoka Unguja, kitabu cha Peponi. Ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza na ikatoka mwaka 1994. Kiswahili tulikisubiri mpaka 2022, alipotufasiria Ida Hadjivayanis.

Ni kisa cha kijana Yusuf, ambaye baba yake anamtoa kwa tajiri kufidia deni. Baadaye anasafiri na msafara wa biashara kutoka pwani kuingia bara, mpaka wanafika kwenye ziwa kubwa na kulivuka. Nilipofika hapo niliweka kitabu mapajani. Ziwa lile si mbali na hapa nilipo, dagaa na migebuka ninayonunua sokoni hutoka huko, Karema na Ikola. Nilikuwa nimejiona mtu wa kwanza wa pwani kuchoka njia hii. Kumbe wa kwetu walipita upande huu kwa miguu, wakiwa na mizigo, na dhambi zao vilevile.

Lakini kilichonikaa zaidi ni bustani. Nyumba ya tajiri ina bustani nzuri yenye maji na matunda, imezungushiwa ukuta, na ndani kuna wanawake ambao hawatoki. Mmoja wao naye alifika pale kwa sababu ya deni la watu wengine. Wanakula vizuri na kuvaa vizuri. Nilijiuliza: je, kama katika orodha ya posa kuna kila kitu cha chumbani na hakuna chochote cha mtu mwenyewe, tofauti yake na bustani ile ni nini? Sikujibu siku ile. Sijasema ndoa yangu ni kifungo, hasha. Nasema kitabu kiliniuliza swali, na nilikuwa sijaulizwa swali kwa muda mrefu.

Wahyi wa kwanza kumshukia Mtume ulikuwa amri ya kusoma. Tunaijua sote, tunaiandika hata kwenye kuta za madrasa. Bali mwanamke akikaa na kitabu mchana huulizwa, "Huna kazi?" Kurasa kumi kwa siku zinanitosha, nazisoma mtoto akilala.

Siasa ni bomba la maji

Nilipokuwa Unguja nilizoea sheha, ambaye huteuliwa. Huku bara mtaa una mwenyekiti wa kuchaguliwa, na uchaguzi wa mwisho ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024. Nilidhani hayo ni ya wenyeji, mimi mpita njia tu. Mpaka maji ya bomba la mtaa wetu yalipoanza kufunguliwa magharibi, wakati wa swala, na mwenye kuwahi ndiye mwenye kupata. Kila jioni nilikuwa nachagua: ndoo au swala kwa wakati wake.

Kikaitishwa kikao cha mtaa. Mume wangu alikuwa safarini, nikaenda mwenyewe. Wanawake tulikuwa wengi kuliko wanaume, tumekaa nyuma kwenye mikeka. Wakazungumza wanaume kwa saa nzima, kuhusu maji ambayo hawayachoti. Hapo nikamkumbuka baba na taarifa yake ya habari. Nikanyoosha mkono.

Sauti ilinitetemeka, nawaambieni kweli. Nikasema sisi Waislamu tuna swala ile saa, na wenzetu Wakristo wana watoto wa kuogesha na chakula cha jioni, basi yafunguliwe alasiri. Nikakaa. Mama mmoja akasema, "Kweli kabisa," akafuata mwingine, na mwingine. Bomba sasa linafunguliwa alasiri, ingawa si kila siku, na wakisahau tunarudi kusema.

Tunaambiwa siasa si stara kwa mwanamke. Lakini siku ya Hudaybiyya, Mtume alipowaamuru masahaba wachinje na wanyoe nao wakasita kwa huzuni, alikwenda kwa mkewe Ummu Salama, akamweleza. Bibi huyo akamshauri atoke, asiseme na mtu, achinje na kunyoa yeye kwanza. Alipofanya hivyo watu wote wakamfuata. Huo ulikuwa ushauri wa mwanamke katika jambo zito la umma, na ulipokelewa.

Hata hapa kwetu, Bibi Titi Mohamed alikuwa mwanamke wa Kiislamu wa Dar es Salaam, mwimbaji wa ngoma, elimu yake ya skuli ndogo. Mwaka 1955 alishika uongozi wa akina mama wa TANU, akapita kwenye vikundi vya ngoma na kuwaingiza wanawake kwa maelfu. Na tangu tarehe 19 Machi 2021 Rais wa nchi hii ni mwanamke wa Unguja, mwenye mtandio kichwani kama sisi. Nafurahia hilo. Lakini mwanamke kuwa Ikulu hakukunichotea ndoo. Kikaoni ilibidi ninyooshe mkono wangu mwenyewe.

Jirani yangu alinijibu vizuri

Baada ya miezi kadhaa nilimkaribisha yule jirani tutembee pamoja. Akasema, "Mama, wewe unalitafuta jasho. Mimi jasho linanitafuta." Yeye huamka kabla yangu, huenda shambani, hurudi na kuni kichwani. Nikaona aibu. Mazoezi yangu kwake ni anasa.

Nikamwuliza, ungepewa saa moja iwe yako, ungefanyia nini? Hakufikiri hata kidogo. "Ningelala." Akaongeza, "Mchana. Na mlango umefungwa."

Tangu siku hiyo sisemi tena kwamba kila mwanamke akimbie. Saa yako si lazima iwe raba. Inaweza kuwa kitabu, darsa, cherehani, kulala, kukaa na mama yako kwenye simu bila kukatishwa. Jambo muhimu ni kwamba iwe inajulikana, na mtu akiulizwa uko wapi aweze kujibu kwa neno moja bila kuona haya, kama tunavyosema "kaenda mpira".

Utamwambiaje?

Mabibi harusi huniuliza hili kila nikienda Unguja. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, sema kabla. Mtume ametufundisha kwamba masharti yanayostahiki zaidi kutimizwa ni yale ya ndoa. Wanazuoni wetu wametofautiana ni masharti gani yanayomfunga mume na yapi hayamfungi, kwa hiyo muulize sheikh au kadhi mnayemwamini, na walii wako ajue. Hata lisipoandikwa, ahadi kati ya Waislamu wawili si maneno ya upepo.

Pili, sema jambo dogo na la wazi. Usimwambie, "Nataka uhuru wangu," ukamtisha yeye na wazee wake. Mwambie, "Jumamosi baada ya alasiri nakwenda kwa wenzangu kusoma, nitarudi magharibi."

Tatu, tazama anavyopokea. Mchumba anayekubali kabati la milango minne lakini anakasirika kwa saa moja ya wiki amekwambia jambo kubwa, na amekwambia mapema. Mshukuru Allah, kisha swali istikhara.

Nne, mpe naye saa yake kwa moyo safi. Mimi jezi ya Yanga huipiga pasi. Simba wakifunga namtumia ujumbe wa pole, ingawa moyoni nacheka.

Na ninyi mlioolewa zamani mkaacha mambo yenu njiani kama mimi, msiseme wakati umepita. Bi Aisha alishindana mara ya pili mwili ukiwa umekwisha kunenepa. Alishindwa, lakini alikimbia.

Presha yangu imeshuka, alhamdulillah. Mlango wa kabati bado haujatengenezwa. Jana jioni mtu alimpigia mume wangu simu akaniulizia, na nilimsikia kutoka jikoni akijibu, "Yuko na kitabu chake." Hakuongeza neno.

Allah awape wenza wanaotengeneza nafasi, awape afya za miili na nuru za akili, na azitie baraka nyumba zenu. Amin.